Viwanda vyetu viliuawa na malipo ya kuchelewa, si mnunuzi wa mtaani

MamaSweta_Nax
Habari za Januari wanajamvi. Tangu watoto wa Gredi 10 waanze kuripoti, kila kona ni somo la uzalendo. Wakenya hawapendi vyao, mitumba imetumaliza, Mchina ametukalia, na chini yake picha ya bendera. Mimi nafuma sweta za shule hapa Nakuru. Haya mambo nayaona mfukoni kabla sijayasoma gazetini, na naona mnunuzi wa mtaani anasingiziwa. Viwanda vingi vya upande huu wa nchi vilikufa kwa sababu mtu alipokea mali, akakalia pesa.

Anza na pareto kwa sababu iko hapa hapa mjini. Kulikuwa na wakati Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa pareto, na maua yalikuwa yakiletwa kiwanda cha Nakuru kukamuliwa dawa ya wadudu. Wakulima wa Molo, Kuresoi na kwingineko walipeleka maua makavu, bodi ya pareto ikapokea, hela hazikuja. Msimu ukapita, mwingine ukapita. Wakang'oa wakapanda viazi. Niambieni, hapo uzalendo wa mnunuzi ungeokoa nini? Pareto yenyewe ilikuwa ya kuuzwa ng'ambo.

Kiwanda cha sukari cha Mumias ni hadithi ile ile. Kilianza kusaga miwa 1973, kikawa kikubwa kuliko vyote nchini, kikaingia soko la hisa 2001, kikajenga mtambo wa umeme na wa ethanoli. Baadaye mkulima akawa anakata miwa leo, anangoja hela hadi anasahau alikata lini. Akishapata mtu wa kumpa taslimu kando ya barabara, ataacha? Kiwanda kikakosa miwa, na 2019 benki ikaleta meneja mrasimu, yule wa kushika kampuni iliyoshindwa na madeni. Hakuna mahali Wakenya walikataa kunywa chai na sukari ya Mumias.

Pamba nayo, wazee wa Busia, Siaya na Homa Bay watawaeleza. Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilifikisha kama marobota 70,000. Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilikuwa zikisokota na kufuma. Soko lilipofunguliwa 1991 na mitumba ikamwagika, ilimkuta mkulima ameshachoka kuandikiwa karatasi badala ya kulipwa.

Sasa njooni kwenye sweta. Mzazi analipia sare benki pamoja na karo kabla mtoto hajavuka geti. Pesa ya sweta iko shuleni siku hiyo hiyo. Mimi nilinunua uzi kwa taslimu, kwa kilo, nikalipa wasichana wa mashine kila Jumamosi, na ninalipwa Julai kama nina bahati. Kuna shule, jina silitaji, iliniacha ikampa mwingine baada ya mimi kuulizia hela yangu mara nyingi. Sweta zake ni za kontena. Ukivuta ule ukingo wa mkono haurudi, na kiwiko kinatoboka kabla ya likizo ya Aprili. Lakini ana mtaji wa kukaa miezi sita bila kuuliza. Tenda inaenda kwa anayeweza kungoja, na anayeweza kungoja ni mwagizaji.

Karibuni mnipinge.

JuaKali_Kibuye
Mama umeongea. Mimi ni fundi wa masanduku, soko la Kibuye, Kisumu, na Januari hii sijalala. Nikuulize swali: kwa nini Mchina hajachukua sanduku la shule? Amechukua sufuria, amechukua kijiko, kufuli, beseni, hata ufagio. Sanduku bado ni letu.

Sababu ya kwanza, sanduku ni hewa. Ukijaza kontena masanduku umelipia meli kubeba upepo. Sisi tukisafirisha tunaingiza dogo ndani ya kubwa, kubwa ndani ya kubwa zaidi, lakini hata hivyo bei ya kutoka mbali haikubali. Sababu ya pili ndiyo yako: mzazi analeta pesa mkononi. Anagonga bati kwa kidole, anasema hili ni jepesi, nipe la geji nzito. Nampa. Anataka komeo mbili, namwekea mbili pale pale. Anataka jina la mtoto, kuna kijana wa rangi hapo kando. Mzazi hasemi ngoja mgao wa serikali uingie.

Comrade_Njoro
Kwa hiyo jua kali mko sawa, shida ni viwanda vikubwa tu?

JuaKali_Kibuye
Sijasema tuko sawa. Februari hadi Novemba ni karai, jiko na kufukuzana na askari wa kaunti. Na hilo bati lenyewe usidhani limechimbwa Nyando. Chuma kinaingia Mombasa kikiwa koili, viwanda vya Nairobi na pwani vinalipaka zinki au rangi, mimi nalipata hapa kwa muuzaji wa hadiwea. Dola ikipanda naijua kabla ya nyinyi wa benki. Changu ni nyundo ya mbao, kipande cha reli cha kukunjia kona, ripiti, na mkono.

Mzee_Section58
Mama Sweta nakuheshimu sana, lakini umeruka kiwanda kilichokuwa karibu na pua yako. Eveready. Kilijengwa Nakuru 1967. Betri nyekundu za paka, nani hapa hakuzianika juani ziongeze nguvu? 2006 wakauza hisa, watu wakapigania kama mkate wa moto. 2014 wakafunga mtambo, kampuni ikaamua kuleta betri kutoka nje iziuze tu.

Pale hapakuwa na mkulima wa kudai. Betri ilikuwa inauzwa dukani kwa taslimu, kijiji kwa kijiji. Kilichoua ni betri za bei ya chini kutoka nje, pamoja na zile bandia zilizovaa karibu sura ile ile. Mnunuzi aliyekuwa na shilingi chache alichagua ya bei ya chini. Huyo ndiye mnunuzi wa mtaani unayemtetea.

MamaSweta_Nax
Mzee wangu heshima. Sikatai. Lakini ongeza na hili: ile betri kubwa ilikuwa ya tochi na redio. Siku hizi tochi iko kwenye simu, na mashambani kuna taa ya sola. Hata bila betri ya nje, soko lilikuwa linahama.

Mzee_Section58
Linahama ndiyo, kwa hiyo kiwanda kinatakiwa kihame nalo. Kwa nini taa za sola hazikutengenezwa Nakuru? Wafanyakazi waliojua kazi ya kiwandani walikuwepo, reli ipo, barabara kuu inapita mlangoni. Hilo ndilo linaloniuma. Tukipoteza bidhaa ya zamani hatushiki mpya, tunageuza jengo kuwa ghala.

Omwana_wa_Webuye
Mulembe wote. Mnasahau kiwanda cha Pan Paper kana kwamba Webuye iko Kongo.

Karatasi ilianza kutoka pale 1974. Sisi tuliokulia pale tunaijua kwa pua. Harufu ile ilikuwa inaingia mpaka kwenye ugali, na mabati ya nyumba za karibu yalikuwa yanaliwa na kutu mpaka watu wakalalamika kwa serikali. Hakuna aliyetaka kifungwe. Mji mzima ulikuwa unakula pale: wakata magogo, madereva, mama mboga, wenye nyumba za kupangisha, hata klabu ya mpira.

Januari 2009 kikasimama. Madeni, bei ya mafuta ya kuendeshea mitambo, na umeme ukakatwa kwa deni. Wanasiasa wakakifungua kwa mbwembwe, kikasimama tena. 2016 kikauzwa kwa familia ya wafanyabiashara ya Rai kwa Sh900 milioni. Leo kinafanya kazi lakini si ile Webuye.

Na Mama Sweta, hii inaingia kwenye hoja yako kinyume. Hapa aliyechelewa kulipa alikuwa kiwanda chenyewe.

HesabuTu
Nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo. Kuchelewa kulipa ni dalili. Kiwanda kinachopata hasara kitachelewesha kila mtu: mkulima, umeme, mfanyakazi, ushuru. Swali ni kwa nini kilipata hasara.

Mkitaka picha kubwa: katika mpango wa Ajenda Nne Kuu serikali ilisema uzalishaji wa viwandani utafika asilimia 15 ya pato la taifa ifikapo 2022. Tulikuwa chini ya asilimia 10 wakati huo, na tangu hapo tumeshuka hadi saba na kidogo. Kwa hiyo lengo lilienda juu, sisi tukaenda chini. Umeme ghali, mikopo ghali, ushuru unaobadilika kila Juni bajeti ikisomwa. Mwenye kiwanda anapanga miaka kumi, serikali inapanga miezi kumi na miwili.

Omwana_wa_Webuye
Na miti je? 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji wa misitu yake lakini Pan Paper na wengine wachache wakubwa wakaruhusiwa kuendelea. Mtu wa msumeno mdogo akafungiwa. Mkubwa aliyelindwa naye akaanguka miaka kumi baadaye. Ulinzi haukumsaidia.

FundiMbao_Kakamega
Hapo kwenye miti mmenigusa. Februari 2018 tena marufuku, na safari hii ilikaa mpaka Julai 2023. Miaka mitano na zaidi! Niliyekuwa nanunua saiprasi kutoka misitu ya serikali nikaanza kuzunguka kwa watu binafsi, mti mbichi, unapasua leo, wiki ijayo ubao umejikunja. Mteja ananiambia kitanda chako kinalia. Kitanda kinalia kwa sababu mbao hazikupewa muda wa kukauka, na hazikupewa muda kwa sababu hakukuwa na mbao. Wakati huo huo dukani kuna meza ya ubao wa kubana kutoka nje, imepakwa picha ya mninga, inang'aa. Ukiimwagia chai inavimba kama chapati. Lakini siku ya kuinunua inapendeza.

Na niseme mazuri pia. 2020 baada ya shule kufungwa kwa ajili ya Korona, serikali ilitenga Sh1.9 bilioni za madawati, na kazi wakapewa mafundi wa mtaani. Karakana yangu ilijaa. Niliajiri vijana, nikanunua randa ya umeme. Kila fundi aliyekuwa na msumeno Kakamega alikuwa na kazi. Sikupewa hotuba ya kununua vya Kenya, nilipewa oda yenye vipimo: urefu huu, upana huu, mbao unene huu. Na walikuja wakapima kwa futi, dawati lililopungua likarudishwa.

HesabuTu
Baada ya hapo?

FundiMbao_Kakamega
Baada ya hapo oda iliisha. Randa ninayo.

Kijana_Milimani
Nyinyi wote mnazunguka. Viongozi walioiba ndio hao hao mnaowapigia kura, tena wale wa chama cha

*[Sehemu ya ujumbe huu imeondolewa na msimamizi. Siasa za vyama zina jukwaa lake.]*

NyarObunga
Wacha niwaletee samaki kidogo, maana mnaongea kama kiwanda ni chuma tu.

Obunga tuko ubavuni mwa eneo la viwanda la Kisumu. Viwanda vya samaki vilikuwa vinachukua mbuta (sangara), vinatoa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukabaki na kichwa na mifupa. Mama zetu walinunua hiyo mifupa, wakaikausha, wakaikaanga kwa mafuta mengi mpaka inalia ukiitafuna, wakauza. Mgongo wazi. Watoto wengi humu wamesomeshwa na mgongo wazi, na sioni haya kusema.

Sasa mbuta ilipopungua ziwani viwanda vikafunga au vikafanya kazi nusu. Hakuna minofu, hakuna mfupa. Ulaya walikuwa wamewahi kutufungia soko pia, miaka ya mwisho ya 1990, kwa mambo ya usafi na sumu. Halafu akaja samaki wa barafu kutoka China, amepangwa kwenye katoni, wote saizi moja kama sabuni. Mama wa soko la Kibuye au la Jubilee anachukua katoni kwa sababu ya ziwani imeadimika na bei yake haishikiki. Mwisho wa 2018 Rais Kenyatta alisema samaki wa China wapigwe marufuku, wavuvi wakashangilia. Wakaendelea kuingia.

Nauliza: mama huyo akinunua katoni, amesaliti nchi? Ziwa liko pale analiona.

MamaSweta_Nax
Dada hapo ndipo nilipo. Watu wanamuhubiria mama wa katoni, hawamuulizi mwenye kibali cha kuingiza.

Comrade_Njoro
Mimi swali langu ni dogo. Nikiwa supamaketi nitajuaje kitu ni cha Kenya? Nimeona kwenye mtandao kwamba nitafute ile milia inayoanza na 616.

HesabuTu
616 inaonyesha kwamba kampuni imesajili namba yake na ofisi ya Kenya ya milia hiyo. Mtu anaweza kuleta mali kutoka nje, akaifunga hapa na kuipa 616. Na kuna mali ya Kenya isiyo na milia kabisa, kama sanduku la huyu ndugu wa Kibuye. Soma maandishi madogo: imetengenezwa wapi, na nani, anwani gani. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo ni ya viwango. Nayo usiitumie kama pasipoti.

Comrade_Njoro
Sawa mkuu. Lakini niseme ukweli wa vijana. Sisi hatununui vya nje kwa kuchukia vya ndani. Viatu vya ngozi vya hapa nilivyopata soli ilibanduka, nikarudi, muuzaji akaniambia hiyo ni bahati mbaya. Bahati mbaya! Hakuna kubadilisha, hakuna kushona bure. Mitumba nayo haina dhamana, lakini imeshavaliwa na mtu mwingine ikavumilia, kwa hiyo najua itavumilia.

Mzee_Section58
Kijana, hiyo hoja ya mitumba ndiyo sijawahi kuisikia ikisemwa vizuri hivyo. Imefaulu mtihani kabla ya kufika kwako.

JuaKali_Kibuye
Comrade usituweke kapu moja. Sanduku langu komeo ikilegea lete, naipiga ripiti ukisimama. Ndiyo faida ya kununua kwa mtu unayejua anakaa wapi. Wewe ulinunua kwa mchuuzi, hukununua kwa fundi. Mchuuzi hajui soli imeshikwa na gundi gani.

Halafu jiulize ngozi inaenda wapi. Ngozi nyingi ya Kenya inauzwa nje ikiwa haijamalizwa kutengenezwa, ile ya bluu yenye maji. Fundi viatu wa Kisumu anapata mabaki.

HesabuTu
Turudi kwa Mama Sweta maana alikuja na hoja moja na sisi tumempeleka ziwani. Umesema mwenye kungoja ndiye anashinda. Hapo nakubaliana nawe kuliko nilivyotaka kukubali. Angalia kaunti: madeni ambayo hayajalipwa kwa wazabuni yamepita Sh150 bilioni kwa kaunti zote, kwa hesabu za Msimamizi wa Bajeti. Hizo ni saruji, viti, magodoro ya hospitali, sare, chakula. Sheria inasema asilimia 30 ya tenda ziende kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sera ya kununua vya Kenya inataka asilimia 40 iwe bidhaa za ndani. Karatasi zote ziko sawa. Kijana anashinda tenda ya viti, anakopa, anajua atalipwa mwakani au asilipwe. Je, ataagiza kwa FundiMbao anayetaka nusu mkononi, au ataenda kwa rafiki wa Nairobi mwenye ghala anayempa kwa mkopo? Viti vya ghala vimetoka nje. Kwa hiyo pesa ya kaunti ya hapa, tenda ya kijana wa hapa, kiti cha Guangzhou.

MamaSweta_Nax
HESABU WEWE! Hicho ndicho nimekuwa nikijaribu kusema tangu juu.

FundiMbao_Kakamega
Na kuna hii ya risiti. Kampuni au shule ya kibinafsi siku hizi inakuuliza eTIMS, ile risiti ya kielektroniki ya mamlaka ya ushuru. Tangu 2024, bila risiti hiyo hawawezi kuhesabu ule ununuzi kama gharama yao kwa ushuru. Mimi nina leseni ya kaunti, nina simu, nina kitabu cha risiti cha kaboni. Mkuu wa shule alinipenda, mhasibu akanikataa. Akanunua dukani. Sisemi ushuru ni mbaya, nasema mlango umewekwa juu, na ngazi haikuletwa.

Kijana_Milimani
Si ujisajili tu? Ni bure na unafanya kwa simu.

FundiMbao_Kakamega
Kujisajili nimejisajili mwezi uliopita, binti yangu alinisaidia. Sasa mbao ninazonunua kwa mwenye shamba, yeye atanipa risiti hiyo? Ana miti sita nyuma ya choo. Gharama yangu haionekani, mauzo yangu yanaonekana. Kwa vitabu vyao mimi ni tajiri.

Omwana_wa_Webuye
😂😂 Tajiri wa Lurambi.

Mzee_Section58
Na ile Ijumaa ya nguo za Kenya? 2019 iliamriwa watumishi wa serikali wavae nguo zilizotengenezwa hapa kila Ijumaa. Ofisi zilijaa shati za kitenge kwa miezi kadhaa. Kitenge kimetoka wapi? Kilitoka nje, kikashonwa hapa.

MamaSweta_Nax
Mzee usiidharau hiyo ya kushonwa. Mafundi cherehani wa mjini walipata kazi kweli, mimi niliwaona. Kushona ni kazi, na hata sweta zangu, uzi wake ni wa akriliki, malighafi yake haikuota Subukia. Lakini uzi unasokotwa Eldoret, sweta inafumwa hapa, nembo inatariziwa mtaa wa pili, na kila hatua mtu analipwa. Ukileta sweta iliyokamilika, anayelipwa hapa ni dereva wa lori na mwenye duka.

Rivatex yenyewe mnajua hali yake. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua 2007, mitambo mipya ikaletwa kwa mkopo wa India, kikazinduliwa upya 2019. Mitambo inataka pamba kuliko pamba tuliyonayo, ikabidi itafutwe Uganda na Tanzania. Pamba ya Bt, iliyobadilishwa jeni ili ihimili funza, iliidhinishwa Desemba 2019 ili mkulima apate zaidi kwa ekari. Vizuri. Lakini mkulima wa Busia hakung'oa pamba kwa sababu ya funza peke yake. Mbegu mpya haimwambii atalipwa lini.

NyarObunga
Kicomi je, kuna anayekumbuka? Kwetu limebaki jina la mahali pa kuelekezana. Shangazi alifanya kazi pale, idara ya kusokota. Anasema zamu ikitoka barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi la pamba kwenye nywele za watu. Kilipofungwa miaka ya 1990 wengi walienda Kibuye kuuza nguo. Nguo gani? Mitumba.

HesabuTu
Kwa hiyo aliyefuma nguo akawa muuzaji wa nguo kuukuu. Na leo ukifunga mitumba unamfukuza kazi mara ya pili. Ndiyo maana kila waziri anayeanza na hilo wazo analimeza.

Mzee_Section58
Basi mtuambie mnataka nini. Mimi nataka ushuru uwekwe kwa bidhaa zinazoweza kutengenezwa hapa.

HesabuTu
Ushuru ulishawekwa mzee. 2023 wakaleta ada mpya kwa baadhi ya mali zinazoingia, chuma ghafi na karatasi zikiwemo, kulinda viwanda vya ndani. Wenye kiwanda cha chuma wakafurahi. Wanaotumia chuma kutengeneza kitu kingine wakalia. Sukari nayo ililindwa dhidi ya sukari ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia 2002 hadi Novemba 2025, ulinzi ukiongezwa na kuongezwa, na bado mwaka huo huo wa 2025 serikali ikaishia kukodisha Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa miaka 30. Ulinzi bila kumlipa mkulima ni kumlinda meneja.

MamaSweta_Nax
Mimi nataka kitu kimoja kidogo. Shule ikipokea hela ya sare kutoka kwa mzazi, iwe na siku 30 za kumlipa aliyeshona. Na kaunti vivyo hivyo kwa fundi mdogo: wa mwisho kuleta mali asiwe wa mwisho kulipwa. Miswada ya malipo kwa wakati imeshazungumzwa Bungeni, itolewe kwenye droo. Nikilipwa ndani ya siku 30 yule wa kontena aje tushindane kwa ukingo wa mkono na kiwiko.

Mzee_Section58
Na asipoweza kushinda kwa kiwiko atashusha bei.

MamaSweta_Nax
Ashushe. Siogopi bei, nina mashine zimelipiwa na sina kodi ya meli. Naogopa Julai.

Omwana_wa_Webuye
Mimi nilikuja kupinga nikajikuta nakubali nusu. Ile nusu nyingine ni umeme. Walipeni wote kwa wakati, lakini kiwanda kama cha Webuye bila umeme wa bei ya kueleweka hakiendi popote. Naivasha viwanda vimeahidiwa umeme wa bei nafuu kutoka mitambo ya mvuke ya Olkaria. Sawa, lakini Webuye, Kisumu na Mumias je? Mumias iliwahi kuzalisha umeme wake kutoka kwa makapi ya miwa na kuuza mwingine kwa gridi. Hatuhitaji kusafiri kujifunza.

HesabuTu
Hiyo anzisha uzi wake, nitakuja. Umeme haumalizwi kwa aya moja.

MzaziKitale
Samahani kwa kuingilia mazungumzo makubwa. @JuaKali_Kibuye, kijana wangu anaripoti Jumatatu na masanduku huku yameisha au ni yale mepesi. Unaweza kutuma moja Kitale? Kubwa, komeo mbili, rangi ya samawati. Jina nitakutumia inboksi.

JuaKali_Kibuye
Karibu mzazi. Lipo, la geji nzito. Naliweka kwenye matatu ya alfajiri, ndani naweka na dogo la sabuni na mswaki, hilo ni la bure. Ikiingia M-Pesa kabla ya saa mbili usiku, kijana wa rangi bado yuko.